Swali Ambalo Sikulitafsiri

Daktari aliuliza swali kwa Kiingereza, nami nikalijibu. Ndilo kosa langu, na nikilisimulia hivi linaonekana dogo. Lakini swali halikuwa langu. Lilikuwa la mume wangu, aliyekaa kando yangu akikunjua mkono wa shati baada ya kupimwa presha, akingoja nimwambie kwa Kiswahili ameulizwa nini. Sikumwambia. Daktari alitaka kujua kama kuna mtu aliyewahi kumwona akikata pumzi usingizini. Mimi nilikuwa nimemwona, tena si mara moja. Nikasema hapana, anakoroma tu kama wanaume wengine. Akauliza kama mchana huwa amechoka au anasinzia. Hapana tena. Tukaendelea na habari za vidonge.

Tulipotoka, mume wangu aliniuliza, "Pale mwisho alisema nini?"

"Alikuwa anauliza kama unalala vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unalala."

Mume wangu anajua Kiingereza cha barabarani na cha ghalani. Anaelewana na msimamizi wake, anaelewana na polisi, anafuata ramani ya simu bila shida. Kiingereza cha daktari ni kingine, na huko mimi ndiye niliyekuwa masikio na mdomo wake tangu tuhamie Malvern, mtaa wa Scarborough mjini Toronto, Kanada. Hapa kwetu ni jambo la kawaida mno. Kaa kwenye viti vya kungojea vya kliniki yoyote upande huu wa Scarborough, utamwona binti wa Kitamili anamsemea bibi yake, kijana wa Kisomali anamsemea mama yake, na sisi Waswahili wachache tunasemeana vivyo hivyo. Kila nyumba ina mkalimani wake wa bure, na hakuna anayemkagua.

Kwa nini nilisema uongo? Nimejiuliza sana, na kila sababu ninayoitoa inanuka. Ya kwanza ni leseni. Wakati ule alikuwa dereva wa lori dogo la kusambaza mizigo. Alitoka nyumbani kabla ya alfajiri, theluji ianguke isianguke, akapakie kwenye maghala yaliyo kandokando ya barabara kuu ya 401. Kodi ya nyumba ilitoka kwenye usukani ule. Madereva wenzake waliambiana kwenye maegesho kwamba ukitaja usingizi mbele ya daktari wa Ontario, leseni umekwisha kuiaga. Maneno hayo yana chembe ya ukweli. Sheria ya mkoa inamtaka daktari aripoti kwenye Wizara ya Uchukuzi mtu ambaye maradhi yake yanaweza kumzimisha ghafla akiwa anaendesha, na kukata pumzi usingizini kwa kiwango kikali, kama hakujatibiwa na mtu anasinzia mchana, kunaweza kuingia humo. Nusu ya pili ya habari, kwamba anayetibiwa na kufuata matibabu yake anaweza kuendelea kuendesha, haikuwahi kufika kwenye maegesho.

Sababu ya pili ni haya. Mambo ya kitandani hayasemwi mbele ya watu, ndivyo nilivyolelewa Tanga, na kwangu mimi mkoromo ulikuwa mambo ya kitandani.

Sababu zote mbili zingesameheka kwa mtu asiyejua. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, zamu ya usiku. Napita kitanda hadi kitanda na kitochi, nasikiliza pumzi. Mzee akihema vibaya naandika saa, naandika hali niliyomkuta nayo, namwita muuguzi. Nimesomea hilo na nalipwa kwa hilo. Usiku wa mapumziko nilikuja kulala kando ya mtu anayekosa hewa, sikuandika chochote, sikumwita yeyote.

Niseme nilichokuwa nakiona, kwa sababu huenda na wewe unakiona. Mkoromo ulianza chini, ukapanda hadi jirani wa ukuta wa pili akagonga. Kisha kimya, na mtu mjinga angefurahia kimya kile. Lakini tumbo lilikuwa bado linapanda na kushuka, kifua kinajitahidi, na hewa haipiti. Niliweka kiganja mbele ya pua yake nisihisi kitu. Halafu mwili mzima unashtuka, anavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anageuka, mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na ameamka kwenda haja ndogo kupita kiasi. Akikaa kwenye kochi baada ya chakula, kijiko bado kiko mkononi, amekwisha kusinzia. Mimi nikimcheka mbele ya watoto.

Alipolalamika kwamba halali usingizi wa maana, nilimpa vidonge vyangu. Vilikuwa vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti cha daktari, nilivyovimeza mchana nikitoka zamu. Sikujua kwamba vitu vinavyolaza vinaweza kuilegeza zaidi misuli ya koo na kuuchelewesha ubongo kumwamsha mtu aliyekosa hewa, na kwamba pombe ni hivyohivyo. Nilichokijua ni kilichotokea: vile vipindi vya kimya vikawa virefu. Nikaacha kumpa, nikamwambia vimekwisha.

Nyumbani kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mama mkwe, kwenye simu, alisema, "Mwache mwanangu alale, baridi ya huko inamchosha." Shemeji alitaka apimwe malale. Malale huenezwa na mbung'o, na Scarborough haina mbung'o, lakini sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa na elimu na sikuitumia. Rafiki yangu wa Pemba akasema ni jinamizi linamkaba. Yeye alikuwa mtoto mwaka 1995, pepo aitwaye Popobawa alipotia hofu Pemba na Unguja hadi watu wakalala nje kwa makundi. Jinamizi lina maelezo yake: ubongo unaamka ukiwa katika hatua ya ndoto, wakati misuli bado imefungwa, mtu anajiona yu macho na hawezi kuinua hata kidole, na kifua kinakuwa kizito. Aliyekabwa na jinamizi hulisimulia asubuhi kwa jasho. Mume wangu hakuwa na la kusimulia. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Tulikuwa tunarudi kutoka madukani, watoto nyuma, mifuko miguuni mwangu. Kwenye taa za Neilson na Sheppard alisimama vizuri, taa nyekundu. Mguu ukalegea kwenye breki, gari likajongea polepole hadi likagusa bampa ya gari la mbele. Mdogo wetu akauliza, "Baba amelala?" Hakuna aliyeumia. Mama wa lile gari alishuka, akatazama bampa, akamtazama mume wangu usoni kwa muda mrefu zaidi ya alivyoitazama bampa, akasema mtu huyu apelekwe kwa daktari. Ingekuwa ni kwenye 401, akiwa na lori, nisingekuwa naandika maungamo bali jambo jingine.

Safari hii kliniki ilimweka mkalimani wa simu. Nilikuwemo chumbani, lakini si kazi yangu tena. Sauti ikatoka kwenye spika mezani, ya mama mmoja mwenye lafudhi ya Kongo: "Daktari anauliza, kuna mtu alikuonaka unaacha kupumua wakati unalala?"

Mume wangu akatulia. Lilikuwa swali jipya kwake. Akajibu, "Mimi nimelala, nitajuaje? Muulizeni huyu."

Nikasema ndiyo. Nikasema tangu lini. Daktari akatazama kompyuta yake, ambamo jibu langu la kwanza lilikuwa bado limeandikwa, asiseme neno. Mume wangu ndiye aliyenigeukia.

Lile swali si la daktari yule peke yake. Limo kwenye dodoso fupi la maswali 8, liitwalo STOP-Bang, lililotungwa hapahapa Toronto na Frances Chung, daktari wa nusukaputi wa Toronto Western Hospital, pamoja na wenzake, na likachapishwa mwaka 2008. Walihitaji njia ya haraka ya kuwatambua wagonjwa wenye tatizo hili kabla hawajalazwa kwa upasuaji. Linauliza kama unakoroma kwa sauti, kama unachoka mchana, kama kuna aliyekuona ukikata pumzi, kama una presha, kama uzito umezidi sana kwa urefu wako, kama umepita miaka 50, kama shingo imezidi sentimita 40, na kama wewe ni mwanamume. Ndiyo 3 ni hatari ya kati, 5 na kuendelea ni kubwa. Tulipotoka kwenye miadi ile nilichukua tepu yangu ya cherehani nikamzungushia shingoni, ikapita 40. Kwa majibu niliyompa daktari mara ya kwanza alikuwa na 3: mwanamume, presha, mkoromo. Kwa majibu ya kweli alikuwa na 6.

Na ile presha, iliyokuwa haishuki licha ya vidonge kuongezwa, ndiyo iliyomfanya daktari aulize. Kila pumzi inapokatika, oksijeni inashuka, moyo unasukumwa kufanya kazi ya mchana usiku wa manane, mishipa inabana. Miaka ikipita, mtu anajikuta na presha sugu, mapigo ya moyo yasiyokwenda sawa, hata kiharusi. Sisi tulikuwa tunabadilisha vidonge.

Dodoso linashuku tu. Kinachothibitisha ni kipimo cha usiku. Ontario unahitaji rufaa ya daktari, na ukiwa nayo gharama ya kipimo inabebwa na OHIP, bima ya afya ya mkoa. Alikwenda jioni na kikoi chake na mto wake, kwenye kliniki iliyo na vyumba vya kulala kama vya gesti. Fundi akambandika nyaya kichwani ili zisome mawimbi ya ubongo na kuonyesha yuko hatua gani ya usingizi, pembeni mwa macho ili kujua ndoto zimeanza, kidevuni na miguuni kwa ajili ya misuli. Mkanda mmoja kifuani, mwingine tumboni, kimrija chini ya pua, na kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Hiyo mikanda miwili ndiyo iliyonishangaza aliponieleza, kwa sababu inapima kilekile nilichokuwa nakiona gizani: kifua na tumbo vinahangaika huku pua haitoi hewa. Hapo ndipo wanapojua kwamba njia imeziba kooni. Kama kifua nacho kingekuwa kimetulia, tatizo lingekuwa ubongo kutotoa amri ya kupumua, na hiyo ni aina nyingine yenye matibabu mengine. Alirudi asubuhi na gundi kwenye nywele, analalamika kwamba hakulala kabisa. Alikuwa amelala vya kuwatosha.

Majibu yanahesabiwa kwa saa. Pumzi iliyosimama au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi ni tukio moja. Chini ya matukio 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 30 ni kali. Yeye alivuka 40, na kwenye usingizi wa ndoto, ambapo misuli hulegea kuliko wakati wowote, oksijeni yake ilishuka chini ya asilimia 80. Kazini kwetu mzee akifika hapo watu wanakimbia.

Mashine aliyopewa, CPAP, haina dawa ndani yake. Ni feni ndogo inayosukuma hewa ya kawaida kwa mgandamizo kupitia mpira na barakoa, ili koo lisijifunge. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na alitangaza matokeo yake mwaka 1981. Zile za mwanzo ziliundwa kwa mota ya mashine ya kufyonzea vumbi iliyogeuzwa ipulize badala ya kuvuta. Kabla ya hapo, mwenye hali kali alitobolewa koo. Kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba barakoa inamchubua pua, mwambie habari hiyo. Mimi nilimwambia mume wangu. Hakucheka.

Kuhusu fedha, kwa wenzangu wa Ontario: mkoa una Programu ya Vifaa Saidizi inayolipa asilimia 75 ya bei iliyoidhinishwa ya mashine, robo inayobaki ni yako au ya bima ya kazini. Ni lazima kipimo kiwe kimefanywa kliniki na daktari asaini fomu. Barakoa huchakaa na kubadilishwa, nayo mara nyingi hutoka mfukoni.

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya. Barakoa ilivuja kwenye ndevu, pua ikakauka, akaivua usiku bila kujua. Fundi akambadilishia ya puani tu, akaongeza unyevu, na mambo yakatengemaa. Mashine hurekodi saa alizoivaa, hivyo hakuna wa kusema uongo kwa niaba yake. Haiponyi, usiku asipoivaa koo linajifunga kama zamani. Wapo wanaosaidiwa na kifaa cha kinywani cha daktari wa meno kinachovuta taya mbele, wapo wanaosaidiwa kwa kupunguza uzito au kulala ubavu, wengine hupasuliwa. Kwake, ilipokaa sawa, alianza kuamka kabla ya adhana ya simu na hakuomba tena nimwendeshe.

Na leseni? Aliambiwa asiendeshe hadi matibabu yashike. Akawekwa ghalani kupakia, kwa ujira mdogo, tukabana matumizi. Daktari alipotosheka, akarudi kwenye lori. Leseni niliyoilinda kwa uongo ilikuwa salama zaidi kwa ukweli, na muda wote nilipokuwa nailinda alikuwa anaendesha lori usingizini.

Sasa la nyumbani. Usiku wa siku ile ya mkalimani, watoto walipolala, aliniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akauliza kama daktari aliuliza mara ya kwanza. Nikasema aliuliza. Nilikuwa nimetayarisha habari ya leseni, kodi, watoto. Hakunipa nafasi.

"Daktari ungemficha," alisema. "Mimi je?"

Sikuwa na jibu, na sina. Nilimwambia pia habari ya vidonge. Hakupiga kelele. Akachukua mto wake akalale sebuleni, na nikakaa macho nikisikiliza mkoromo kutoka chumba cha pili, unasimama, unaanza.

Mambo mengine niliyojifunza baadaye nitayasema kwa kifupi, kwa kuwa ukishaanza kusema habari za usingizi kila mtu anakuja na wake. Mimi mwenyewe nilikuwa sipati usingizi, na nilidhani ni vidonge tu vitakavyonisaidia. Tiba inayopendekezwa kwanza kwa mtu wa usingizi wa mang'amung'amu wa muda mrefu ni kufundishwa upya kulala: saa moja ya kuamka, kitanda kisiwe mahali pa kuwaza wala pa simu, kupunguza kwa muda saa za kukaa kitandani. Kwa wafanyakazi wa zamu za usiku kama mimi yapo ya ziada, kama miwani myeusi ukitoka kazini na pazia zito. Jirani yangu mjamzito alikuwa na miguu isiyotulia kila jioni, inaomba itembezwe. Alipimwa akakutwa na upungufu wa madini ya chuma. Na kijana wa rafiki yetu, aliyeitwa mvivu shuleni miaka mingi, miguu humwisha nguvu anapocheka sana. Huyo alitumwa kwa mtaalamu wa neva, kwa sababu kusinzia kusikozuilika pamoja na kulegea huko ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake.

Kituo cha afya cha jamii cha TAIBU, kilichopewa jina la Kiswahili, kipo Tapscott Road hapahapa Malvern. Nilikuwa nakipita nikienda madukani. Sikukosa mlango wa kubisha, wala sikukosa lugha.

Mume wangu sasa haingii na mimi kwa daktari. Anapoweka miadi anaomba mkalimani, nami hubaki nyumbani au hukaa kwenye viti vya nje. Ameshanisamehe, nadhani, lakini hajanirudishia kazi ile, na ana haki.

Wewe unayesoma, kama unalala karibu na mtu ambaye mkoromo wake unasimama ghafla kisha unarudi kwa kishindo, mrekodi kwa simu usiku wa leo. Mwonyeshe asubuhi, yeye kwanza. Halafu ipelekeni kwa daktari hiyo video, na muombe mkalimani asiye wa nyumba yenu.